KABLA HUJAKATA JINA LA MTU

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliponiomba niandike juu ya kompyuta, nilijua wengi wenu mtapiga miayo na kufungua ukurasa wa vichekesho. Tafadhali ngojeni kidogo. Ninalotaka kulisema linahusu tarakilishi, naam, lakini linahusu zaidi jina lako wewe unayesoma, na herufi zake ambazo mtu mwingine anaweza kuzikata bila kukuuliza.

Wengi wenu mnajua kwamba kompyuta za shule yetu zilikuwa kila moja na lwake. Mwaka huu ziliunganishwa kwa waya, na ikaamuliwa kwamba kila mwanafunzi awe na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Majina hayo hukaa ndani ya kitu kinachoitwa saraka. Saraka ni kama lile daftari la mahudhurio la mwalimu wa darasa: kila mtu ana mstari wake, na kila mstari una vyumba vidogo. Chumba kimoja cha jina, kingine cha darasa, kingine cha nambari ya kusajiliwa. Sisi wa Klabu ya Kompyuta tukapewa orodha ya kidato cha kwanza, tukaambiwa, "Haya, tengenezeni majina ya kuingilia. Msiandike moja moja kwa mkono, mtazeeka. Andikeni skripti."

Skripti ni nini? Ni barua fupi ya maagizo kwa kompyuta. Unaiambia: chukua mstari wa kwanza, kata hapa, unganisha pale, andika jibu, kisha nenda mstari wa pili, mpaka watu waishe. Lugha tuliyotumia inaitwa Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991 na Mholanzi aitwaye Guido van Rossum. Kompyuta haichoki wala hainung'uniki, lakini pia haina akili ya kujiongeza. Ukiiambia ikate kidole, itakata kidole.

Kuna njia mbili za kukata jina. Njia ya kwanza ni kuhesabu herufi. Tuseme jina la kuingilia ni otieno.4417, yaani jina, nukta, halafu nambari. Wataka jina peke yake. Unaiambia kompyuta, "Nipe herufi sita za mwanzo." Inakupa otieno, unafurahi. Halafu inafika kwa wanjiku.4420 na kukupa wanjik. Inafika kwa mutai.4431 na kukupa mutai pamoja na nukta yake, kama mtu aliyetoka hotelini na kijiko mfukoni. Kuhesabu kunafaa pale tu ambapo vitu vyote vina urefu mmoja, na majina ya watu hayakuumbwa hivyo.

Njia ya pili ni kutafuta alama. Unasema, "Tafuta nukta popote ilipo, kisha nipe kilicho kushoto kwake." Hapo Otieno, Wanjiku na Mutai wote wanatoka salama. Anwani za baruapepe hufanya kazi vivyo hivyo. Mwaka wa 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alichagua alama ya @ ili itenganishe mtu na mashine yake, na hadi leo kompyuta ikiona alama hiyo inajua huku ni mtu, huku ni mahali anakopatikana. Kwa hivyo fundi wa skripti huuliza kwanza: mpaka uko wapi? Mkulima hapimi shamba kabla ya kuona mawe ya mpakani.

Basi, shida yetu ilianzia hapo kwenye mpaka. Kitabu tulichokuwa nacho kilitoa kanuni rahisi: chukua herufi ya kwanza ya jina la kwanza, uibandike mbele ya jina la ukoo. Kanuni hii imezoeleka sana huko Ulaya na Marekani, kwa sababu huko jina la ukoo hurithiwa kutoka kwa baba hadi mwana, na kwa kawaida hukaa mwisho. Tena zamani mitambo mingi ya Unix haikupenda jina la kuingilia lizidi herufi 8, na hata saraka za Windows zina aina ya jina la kuingilia isiyopita herufi 20. Kwa hivyo kukata na kufupisha ni jambo la tangu zamani.

Lakini sisi ni watu wa Kaptembwo. Tembea kutoka hapa hadi Rhonda, utapita milango ya makabila karibu yote ya Kenya kabla soda yako haijaisha. Orodha ya kidato cha kwanza ndivyo ilivyokuwa pia. Kila tulipotafuta hilo "jina la ukoo", tulikuta kitu kingine.

Tuanze na majirani zetu Wakalenjin. Kip- au Ki- mwanzoni ni mvulana, Chep- au Che- ni msichana, na kinachofuata mara nyingi kinasimulia siku ya kuzaliwa. Kiprono na Cherono walizaliwa mbuzi wakirudi nyumbani jioni. Kiprotich na Cherotich, ng'ombe wakirudi. Kipkoech na Chepkoech, alfajiri. Kipruto na Cheruto, safarini. Sasa kata herufi tatu za mwanzo uone: wavulana darasa zima wanaitwa Kip! Na ukilichukua Kipruto ukidhani ni ukoo, utawafanya ndugu watu wasiojuana. Brimin Kipruto alishinda mbio za kuruka viunzi na maji mjini Beijing mwaka wa 2008. Benson Kipruto alishinda marathoni ya Boston mwaka wa 2021 na ya Chicago mwaka wa 2022. Kwa kanuni ya kitabu chetu wote wawili ni bkipruto, na saraka haikubali watu wawili wenye jina moja la kuingilia. Mmoja atafungiwa nje, na mbio zake zote zisimsaidie.

Cha kuchekesha ni kwamba Wakalenjin wenyewe walikuwa wakikata majina kabla kompyuta haijazaliwa. Mwana wa Kiprono akishatahiriwa huitwa arap Rono. Mwana wa Kipkoech huitwa arap Koech. Kip- inaondolewa, arap inawekwa, na arap maana yake ni "mwana wa". Rais wetu wa pili, Daniel arap Moi, baba yake aliitwa Kimoi. Ni skripti kamili hiyo, ina kanuni yake na sababu yake. Tofauti ni kwamba aliyeikata alijua anakata nini, na mwenye jina aliipokea kama heshima ya kuwa mtu mzima.

Kwa Waluo kisu kinapaswa kugeuzwa. Otieno na Atieno ni watoto wa usiku, Okoth na Akoth ni wa mvua, na herufi moja tu ya mwanzo ndiyo inayomtenga kaka na dada. Anayeondoa herufi ya kwanza ameondoa kila kitu. Na tukiwa bado kwenye mvua, Kiprop na Cherop nao walizaliwa ikinyesha. Kiprop na Okoth wanakaa dawati moja pale kidato cha kwanza, wana jina moja kwa lugha mbili, na nina hakika hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo Njoroge wa Kamau akipata mwana, huyo ni Kamau wa Njoroge. Skripti inayopanga majina kwa alfabeti bila kujali nani alitangulia itadhani baba na mwana ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Halafu kuna hilo neno wa. Skripti inayokata kwenye nafasi inalihesabu kuwa jina kamili. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwaka wa 2025, angekuwa na jina la kati "wa". Zaidi ya hayo, jina lake lina vijialama juu ya u na i ambavyo havimo kwenye kibodi zetu, na lina ile ng' yetu. Katika lugha nyingi za kompyuta kialama hicho cha ng' ndicho kinachofungua na kufunga maneno, kwa hivyo skripti isiyotahadharishwa huona Ng'eno, Ng'ang'a au Thiong'o na kudhani sentensi imeishia katikati. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaotetea ng' kila wiki tunapaswa kulikasirikia jambo hili.

Na msidhani waandishi wetu wa Kiswahili wamepona. Shaaban Robert utamtafuta kwenye S au kwenye R? Robert halikuwa jina la ukoo wa Kizungu, lilikuwa jina la baba yake. Mwenyewe alikuwa Shaaban bin Robert. Herufi moja pia ni kitu. Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, baada ya talaka alitakiwa aache kutumia jina la mumewe, Mathai. Akaongeza a moja, akaendelea na safari yake. Mtu asiyejua angeandika skripti ya "kusahihisha" majina, aifute ile a, na asijue amefuta nini.

Hata mtaa wetu haukusalimika. Kap- kwa Kikalenjin ni "kwa" au "nyumbani kwa", sawasawa na tunavyosema Kwa Rhonda. Tena mabango mengine yameandikwa Kaptembwo, mengine Kaptembwa. Sisi abiria tunashuka palepale, lakini kompyuta inaona mitaa miwili.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, unaweza kusema, "Sawa, andikeni skripti bora zaidi. Wekeni kanuni ya arap, kanuni ya wa, kanuni ya bin, kanuni ya ng'." Ndivyo wenzangu walivyosema, na kweli tungeweza. Mmoja wetu alikuwa tayari ameandika kanuni kumi na moja kwenye ubao, na skripti yake ilianza kukata vizuri ajabu. Ikaweza kuchukua orodha ya kidato kizima na kutoa lile jina moja linaloonyesha mtu anatoka jamii gani. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi moyo wangu ukaingia baridi, na nitawaeleza kwa nini.

Mama yangu alihamia Kaptembwo kabla sijazaliwa. Alikuwa hapa Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 vilipofika Nakuru, na mtaa wetu ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hapa Nakuru wengi walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wakalala kwenye mahema. Mimi hayo sikuyaona. Nimeyasikia jikoni, vipande vipande, kwa sababu mama huyasimulia akiwa anachambua mboga ili asikuangalie usoni.

Anasema vijana waliofunga barabara hawakuuliza mtu amefanya nini. Waliitisha kitambulisho. Na kwenye kitambulisho hawakusoma jina la ubatizo, maana Mary ni Mary popote. Macho yao yalishuka moja kwa moja hadi jina la mwisho. Hiyo ilikuwa skripti, ndugu zangu, ila iliendeshwa kwa panga. Mama alikuwa ameolewa nje ya kabila lake, na kitambulisho chake bado kilikuwa na jina la baba yake. Upande mmoja wa barabara jina la mumewe lingemponza, na upande wa pili jina lake mwenyewe. Jirani yake, mwanamke wa kabila la tatu aliyekuwa akiuza mboga, ndiye aliyemficha chumbani mwake, na kitambulisho akakizika ndani ya mkebe wa unga. Mama alikaa siku nne humo. Anasema jambo lililomshangaza ni kwamba katika miaka yote ya ujirani, mama mboga hakuwahi kumwuliza jina lake la mwisho. Alimwita "Mama Nani" kwa jina la dadangu mkubwa, na hilo lilitosha kukopa na kulipa.

Kwa hiyo nilipoona skripti yetu ikitoa lile jina la mwisho safi kama samaki aliyeondolewa miba, niliomba ruhusa ya kusema. Nikauliza, "Jina la kuingilia litaonekana wapi?" Tukaorodhesha: kwenye skrini ya kila kompyuta, kwenye karatasi itakayobandikwa mlangoni, kwenye kila kazi itakayotumwa kwa mwalimu. Yaani mtu yeyote anayepita ataweza kumsoma kila mwanafunzi kwa kabila lake kabla ya kumsoma kwa kazi yake. Nikauliza tena, "Kompyuta inahitaji kujua hilo ili ifungue mlango?" Kukawa kimya. Jibu lilikuwa hapana. Inahitaji kitu kimoja tu: kisichofanana na cha mtu mwingine.

Msidhani kila mtu alikubali mara moja. Mwenzangu aliyeandika kanuni kumi na moja alisema mambo ya 2008 yamepita, na kwamba sisi tuliozaliwa baadaye tunacheza kandanda pamoja bila kuulizana makwetu. Ni kweli, tunacheza pamoja. Msichana mmoja wa kidato cha pili alinipinga kwa njia ngumu zaidi. Alisema, "Mimi nimepewa jina la nyanya yangu. Alifariki mwezi ule nilipozaliwa. Kwa nini nilifiche kama kitu kilichoibwa? Unataka tuitwe nambari kama wafungwa wa gereza?" Sikuwa na jibu la haraka. Mama yangu alificha jina lake ndani ya unga ili aishi, lakini hakuna mtu anayetaka jina lake likae unga milele. Jina si aibu.

Tulibishana siku mbili, mwalimu akitusikiliza bila kuingilia, na hatimaye tukafikia jambo hili. Jina la kuingilia liwe nambari ya kusajiliwa, na mbele yake neno moja ambalo mwanafunzi amelichagua mwenyewe. Anayetaka jina la nyanya yake, aliweke kwa fahari. Anayetaka la ubatizo, sawa. Nambari ndiyo itakayomtenga na wengine, kwa hivyo Kipruto wawili hawatagongana mlangoni. Jina zima nalo likae ndani ya saraka katika chumba kimoja, kama mwenyewe alivyoliandika, na wa yake, na arap yake, na ng' yake, lisikatwe kamwe. Skripti ikihitaji kumtafuta mtu, itakata jina la kuingilia kwenye nukta, ichukue nambari iliyo kulia. Kanuni kumi na moja zikawa moja.

Mwalimu wetu alipoikubali kazi hiyo alituambia jambo ambalo wengi hatukulijua: Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na ndani yake asili ya kabila la mtu imewekwa pamoja na habari za afya yake katika fungu la mambo nyeti. Mtu hapaswi kuyakusanya wala kuyaanika ovyo. Nilipomsimulia mama hilo, aliendelea kuchambua sukuma, halafu akauliza, "Hiyo sheria inajua kwamba kabila liko ndani ya jina?" Nikamwambia sheria labda inajua, ila kompyuta haijui. Anayejua ni yule anayeiandikia maagizo.

Hilo ndilo nililotaka kuwaachia, hasa ninyi wa vidato vya chini mnaopenda kompyuta. Siku hizi kazi ya kukata majina iko kila mahali: hospitalini, benki, kwenye orodha za basari, kwenye orodha za wapiga kura. Wengi wenu mtaajiriwa kuifanya. Vitabu vitawafundisha jinsi ya kutafuta nukta na nafasi, na mvisome sana. Lakini kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize kipande hicho unakitakia nini, nani atakisoma, na kama mwenye jina angekuwa amesimama nyuma ya kiti chako, je, ungekikata?

Chama chetu kimekubali kutenga ukurasa katika toleo la mwaka ujao kwa ajili ya maana ya majina yetu. Nendeni nyumbani mkaulize wazazi, nyanya na babu: niliitwa hivi kwa nini, kulikuwa na mvua, kulikuwa na njaa, au nani alikuwa amekufa? Andikeni majibu, hata mistari mitatu tu, mumpe mhariri kabla ya muhula wa tatu kufungwa. Na Kiprop na Okoth wa kidato cha kwanza, ikiwa mnasoma hapa, tunawasubiri ninyi kwanza.